Kiatu Kinachopiga Goti

Kucha ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia iling'oka wiki mbili baada ya Pasaka. Siku hiyo haikuuma. Ilikuwa imekwisha kuuma juu ya mlima, siku nne mfululizo, ndani ya kiatu cha plastiki cha buluu nilichokinunua kwa mshahara wa likizo nzima. Nilikuwa mwanafunzi Bø, mji mdogo wa mkoa wa Telemark, kusini mwa Norway. Majira ya baridi ya kwanza niliyamalizia dirishani. Ya pili nikatoka nje, nikajifunza skii, na kwa kuwa nilikuwa Telemark nikajifunza mtindo uliozaliwa palepale na kuchukua jina la mkoa.

Mwezi uliopita simu yangu iliita saa sita usiku. Kwa aliyepiga ilikuwa saa kumi alasiri: binti wa Kitale, muuguzi, anayeishi Colorado, Marekani.

"Dada, samahani kwa kukuamsha. Niko dukani. Nataka viatu vya telemark na wameniwekea jozi sita mbele yangu. Nichukue ipi?"

"Tulia, mdogo wangu. Usilipe kitu bado. Vua hivyo ulivyovaa, tuzungumze."

Tulizungumza saa nzima na zaidi. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu, nikiwa nimelala macho na kukikumbuka kiatu changu cha buluu.

Msomaji asiyeijua skii anastahili maelezo kwanza. Wengi tunaowaona kwenye televisheni wakishuka mlima kwa kasi wamefungwa mguu mzima kwenye skii, vidole na kisigino. Kiatu chao ni kigumu kama gogo, hakijikunji na hakitakiwi kujikunja. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, alishindana hivyo. Upande wa pili wako wakimbiaji wa skii, wanaoshikwa kwa vidole tu ili wapige hatua. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kufika Olimpiki ya majira ya baridi, alikuwa mmoja wao. Nagano mwaka 1998 alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini amkumbatie.

Telemark iko katikati ya hao wawili. Kisigino kiko huru kama cha Boit, lakini mtu anashuka mlima mkali kama Simader. Akitaka kugeuka, hutanguliza skii moja, huiacha nyingine nyuma, na hukunja magoti mpaka goti la nyuma likaribie theluji. Kisigino cha nyuma huinuka. Anayetazama kwa mbali huona mtu anapiga goti, anasimama, anapiga goti la upande wa pili, hivyo hivyo mpaka bondeni. Ni mtindo mzuri kuutazama, na nakiri kwamba uzuri huo ndio ulionivuta kabla sijajua lolote kuhusu vifaa.

Sasa fikiria kinachoupata mguu wa nyuma. Kisigino kikiinuka, uzito wote wa upande ule hukaa kwenye ile sehemu pana ya unyayo ambako vidole vinaanzia. Hapo ndipo mguu wa binadamu unapojikunja, kama mtu anayesimama kwa ncha za miguu kuchungulia juu ya ukuta. Kiatu nacho lazima kijikunje. Ndiyo sababu kiatu cha telemark, hata kikiwa cha plastiki ngumu, kina mikunjo juu ya vidole mithili ya kodiani la taarabu: kinapobanwa, mikunjo inafunga, kinapoachiwa, inafunguka. Mikunjo hiyo ikikaa sawasawa na mkunjo wa mguu wako, kiatu na mguu hugeuka kitu kimoja. Ikikaa mbele zaidi, plastiki hushuka juu ya vidole kila unapopiga goti.

Changu kilikuwa kirefu kupita kiasi. Muuzaji aliniambia niache nafasi ya soksi nene, nami nilimwamini, kwa kuwa nilitoka Tanga na yeye alizaliwa kwenye theluji. Mikunjo ikawa inaangukia juu ya kucha badala ya kuangukia nyuma yake. Mtu anaweza kugeuka mara mia kadhaa kwa siku moja mlimani. Hesabu hiyo kidole changu kiliifanya kabla yangu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa binti wa Kitale halikuwa kuhusu chapa wala uzito wala rangi. Nilimuuliza mikunjo ya kila kiatu inaangukia wapi juu ya mguu wake. Akanyamaza. Kisha akasema hakuna aliyemuuliza hivyo dukani.

Mtindo huu wa telemark una mtu wake. Sondre Norheim alizaliwa mwaka 1825 Morgedal, kijiji cha Telemark, katika familia maskini iliyolima ardhi ya wengine. Zamani zake skii nyingi zilishikwa kwa ukanda wa vidoleni tu, na mtu akiruka ziliweza kumtoka. Norheim alitumia vijiti laini vilivyosokotwa, akavizungusha nyuma ya kisigino, mguu ukashikwa na bado ukabaki na nafasi ya kuinuka. Mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alikwenda kushindana Christiania, mji ambao leo ni Oslo, na watu wa mji mkuu wakaona namna ya kugeuka ambayo hawakuwa wameizoea. Mwaka 1884 alihamia Marekani, akafia North Dakota mwaka 1897, kwenye uwanda mtambarare usio na mlima wa kuteleza. Nyumba alikozaliwa bado ipo. Mwenge wa Olimpiki ya Oslo ya mwaka 1952 uliwashwa kwenye meko yake.

Viatu vya Norheim vilikuwa vya ngozi, na ngozi ilitawala kwa karibu miaka mia baada yake. Mwaka 1927 Mnorway Bror With alibuni kifungio cha chuma kinachobana pua ya kiatu, kikaitwa Rottefella, maana yake mtego wa panya. Kwa miongo mingi soli za viatu hivi zilirefuka mbele kama mdomo wa bata, upana wa milimita 75, zikiwa na matundu matatu ya kupokea vijiti vitatu vya chuma. Lifti zilipoenea milimani, watu wakahamia kwenye skii za kufunga kisigino, na goti la Telemark likabaki kwa wachache. Waliolirudisha ni vijana wa Crested Butte, Colorado, miaka ya 1970, kwa viatu vya ngozi na skii nyembamba. Nilipomweleza hilo binti wa Kitale alifurahi sana: anaishi kwenye jimbo lilelile lililoifufua telemark.

Jirani yangu wa Bø, mzee aliyevuka miaka sabini, bado anavaa ngozi. Kila Novemba huvitoa viatu vyake stoo, huvifuta vumbi, huvipaka mafuta kwa vidole vyake mwenyewe, akichukua muda mrefu kwenye mishono. Kisha huzunguka navyo Lifjell, mlima ulio juu ya mji wetu, siku nzima, akirudi jioni bila lengelenge hata moja. Ngozi hujikunja pale mguu unapotaka, na baada ya miaka huwa na umbo la mwenyewe. Lakini mzee huyo hashuki penye barafu. Ngozi haina nguvu ya ubavuni. Ukiielekeza skii pana ikate mteremko mgumu, kiatu kinapinda kando kama kitambaa na skii inateleza upande inaotaka yenyewe. Kwa safari ndefu za uwandani, na ukiwa na skii nyembamba, bado naitetea ngozi. Kwa mlima mkali, hapana.

Mwaka 1992 kampuni ya Scarpa ya Asolo, Italia, ilitoa kiatu cha kwanza cha telemark cha plastiki, ikakiita Terminator. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Mtu aliweza kukata barafu kwa goti. Plastiki ilileta shida yake pia, ile niliyoanza nayo makala haya: ngozi husamehe kipimo kibaya, plastiki haisamehi. Mwaka 2007 kampuni ya Rottefella, iliyobeba jina la kile kifungio cha zamani, ikaleta utaratibu mpya unaojulikana kwa herufi NTN. Mdomo wa bata ukaondolewa. Badala yake kiatu kikapata kisigino cha pili, kijukwaa kidogo chini ya upinde wa unyayo, na kifungio kinakamata hapo. Skii hugeuka kwa nguvu zaidi, na kiatu huwa na pua fupi unayoweza kutembelea juu ya mawe bila kujikwaa.

Taratibu hizi mbili hazichanganyiki hivi hivi. Kiatu cha milimita 75 hakiingii kwenye kifungio cha NTN, kama vile ufunguo wa mlango mmoja usivyofungua mwingine. Unapochagua kiatu, umekwisha kuchagua na vifungio utakavyopiga skurubu kwenye skii zako. Wanaoanza leo na wanaonunua vipya nawashauri NTN bila kusita, kwa sababu huko ndiko watengenezaji wanakoelekeza akili na fedha zao. Wenye bajeti ndogo, au wanaotaka safari za polepole kwenye vilima visivyo vikali, milimita 75 bado inawafaa, na viatu vya mtumba vya aina hiyo ni vingi.

Mtumba ninaupenda. Nimekua nao, kama wasomaji wengi. Lakini kiatu cha plastiki si koti. Kinazeeka hata kikikaa kabatini. Kikunje kwa mikono yako, utazame ndani ya mikunjo penye mwanga mzuri: ukiona mistari myeupe au ufa mwembamba kama unywele, rudisha. Ufa huo utapasuka siku ya baridi kali, mbali na barabara, na kiatu kilichokatika pale hakirudishi mtu nyumbani. Shika shingo ya kiatu uitikise. Skurubu za kifundoni zisicheze. Kwenye kiatu cha mdomo wa bata, matundu matatu yawe bado ya mviringo. Kiatu laini cha ndani kikiwa kimechakaa si neno, kinabadilishwa.

Nirudi kwenye swali linalowachanganya watu madukani: kiatu cha kituo cha skii au cha mlima usio na lifti?

Nitatumia mlima ninaoujua. Gaustatoppen una mita 1,883 na ndio mrefu kuliko yote Telemark. Chini yake kuna kituo chenye lifti na njia zilizosindiliwa kwa mashine usiku kucha. Bondeni upande mwingine kuna mji wa Rjukan na Vemork, mahali ambapo Februari 1943 makomando wa Norway walilipua mitambo ya maji mazito iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Walifika kwa skii kutoka uwanda wa Hardangervidda, na baadhi yao wakaondoka kwa skii mpaka Sweden, mamia ya kilomita, visigino vikiwa huru. Siwezi kupita Rjukan bila kuwafikiria. Mlima mmoja, na matumizi mawili ya mguu yaliyo mbali kabisa.

Kwenye lifti kazi ya mguu ni kushuka tu. Unashuka mara kumi na tano, mara ishirini. Njia zimekandamizwa, asubuhi ni ngumu kama saruji, na kasi ni kubwa. Hapo unataka kiatu chenye shingo ndefu inayoshika muundi, bizimu nne, na ubavu mgumu ili skii isikukatae penye barafu. Uzito hausumbui, kwa sababu lifti ndiyo inayobeba.

Penye mlima mtupu, hesabu inageuka. Unapanda kwa miguu, chini ya skii umebandika kanda zenye manyoya zinazoitwa ngozi, ingawa leo ni nailoni au nywele za mbuzi badala ya ngozi ya sili ya zamani. Unaweza kupanda saa tatu ili ushuke dakika ishirini. Tuseme hatua elfu sita. Kiatu kikiwa kizito kwa gramu 300 kuliko kingine, mwisho wa mlima mapaja yako yamesogeza kilo 1,800 ambazo hazikuwa na kazi. Lakini uzito ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni swichi iliyo nyuma ya kiatu, ile inayofungua shingo yake ili mguu uweze kuyumba mbele na nyuma. Kiatu ambacho shingo yake haifunguki vizuri kinakulazimisha kupanda kwa hatua fupi, kifundo kikipigana na plastiki kila mara. Kwangu mimi, kiatu chepesi chenye shingo inayobana ni kibaya kuliko kizito kidogo chenye shingo inayofunguka sana. Wauzaji wengi huanza na mzani. Wewe anza na swichi.

Viatu vingi vya NTN vya leo vina pia vijishimo viwili vya chuma kwenye ncha ya pua. Hivyo hupokea pini za vifungio vyepesi, ubunifu wa Fritz Barthel wa Austria wa miaka ya 1980, na vinamwezesha mpandaji kuzungusha mguu kwenye pini bila kukunja kiatu kila hatua. Ukiwa na nia ya kupanda, hakikisha vipo. Ukitumia lifti pekee, usivilipie.

Binti wa Kitale alisema atatumia lifti na pia atapanda milima mitupu. Watu wengi husema hivyo dukani. Nikamuuliza: majira yaliyopita, siku ngapi lifti na siku ngapi miguu? Akasema kumi na mbili kwa mbili. Tena Colorado ina theluji yenye tabaka dhaifu, inayojulikana kwa maporomoko, kwa hiyo watu wengi waangalifu hukaa vituoni Januari na Februari, wakisubiri theluji ya masika itulie ndipo waende milima mitupu. Nikamwambia achague kiatu cha siku kumi na mbili kinachoweza kuvumilia siku mbili, wala si kinyume chake. Tabia ya miguu yake ikibadilika, kiatu kitabadilika pia.

Kuna kosa moja ambalo wauzaji hulifanya kwa nia njema. Wanauliza, "Wewe ni mtaalamu au mwanafunzi?" halafu mtaalamu anapewa kiatu kigumu kuliko vyote. Ugumu wa mikunjo unapaswa kufuata uzito wa mwili kabla ya ujuzi. Mtu wa kilo 90 ataikunja mikunjo migumu kwa kusimama tu. Mtu wa kilo 55 hataikunja hata akiwa bingwa. Ataishia kusimama kwa ncha za vidole, skii ya nyuma ikielea bila uzito, na atalaumiwa kwa ufundi mbaya ilhali kosa ni la kiatu. Nimeona wanawake wengi wakiacha telemark kwa sababu hiyo, na inanikera. Ubavu uwe mgumu, mkunjo uwe laini. Huo ndio mseto ninaoutafuta, na watengenezaji wazuri wanajua kuutoa.

Nikiwa bado kwenye habari ya wanawake, niongeze hili: wengi wetu shavu la mguu huanzia chini zaidi, na shingo ndefu ya kiatu hulikaba. Ndiyo maana baadhi ya matoleo ya kike yana shingo fupi kidogo. Si suala la rangi.

Sasa twende kwa fundi. Baada ya kucha yangu kung'oka nilikwenda kwa fundi mmoja mjini Skien, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa, na alichonifanyia siku ile ndicho ninachowaelekeza wote wanaoniuliza. Aliniambia nirudi jioni, maana mguu huvimba kutwa na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana usiku. Nikarudi nimevaa soksi moja nyembamba ndefu. Akanipima nikiwa nimesimama, miguu yote miwili, kwa sentimita. Namba ya kiatu cha skii ni urefu wa mguu wenyewe: sentimita 25 ni namba 25. Kiatu changu cha buluu kilikuwa 26.5. Aliutazama mguu wangu, akakitazama kiatu, hakusema neno.

Kisha alichomoa kiatu laini cha ndani, akaniambia niingize mguu kwenye gamba tupu la plastiki, vidole viguse mbele kidogo tu. Akapitisha vidole vyake nyuma ya kisigino changu. Kidole kimoja kikipita kwa shida, gamba linabana, linafaa wanaoshindana. Kimoja na nusu, sawa kwa anayetumia lifti zaidi. Viwili, sawa kwa anayepanda milima siku nzima. Vikizidi viwili, kiatu ni kirefu, na soksi nene haitaponya kitu. Cha buluu kilimeza vidole vyake vitatu.

Alileta gamba jingine. Safari hii alichukua penseli, akapapasa fundo la kidole gumba changu, akaweka alama ubavuni mwa kiatu mahali fundo lilipo. Alama ikaangukia katikati ya mikunjo. Hapo tu ndipo aliporudisha kiatu cha ndani na kuniambia nifunge bizimu, nikianza na ile ya juu ya kifundo, baada ya kugonga kisigino chini mara mbili ili kikae nyuma kabisa. Halafu shingo. Ya vidoleni mwisho, na kwa kugusa tu, kwa sababu ukiikaza sana unaizuia mikunjo isifanye kazi yake.

"Piga goti," akasema.

Nikapiga goti palepale dukani, mbele ya wateja, mguu wa kulia mara kumi, wa kushoto mara kumi. Alichuchumaa pembeni akitazama kisigino changu kama kinapanda ndani ya kiatu. Kisigino kinachopanda ni lengelenge la kesho. Kisha akaniacha nikae navyo nusu saa, nikitembea kati ya makabati. Dakika kumi za kwanza kila kiatu ni kizuri, au kila kiatu ni kibaya. Ukweli huanza kujitokeza baadaye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna muuzaji anayeweza kukuhisia kidole.

Mwisho alikipasha moto kiatu cha ndani. Vingi vya siku hizi ni vya povu linalolainika kwa joto na kushika umbo la mguu likipoa. Alinivika kofia ndogo ya sponji vidoleni ili ibaki nafasi, nikasimama kimya kiatu kikipoa. Penye mfupa uliojitokeza, fundi anaweza pia kulipasha gamba lenyewe na kulisukuma nje milimita chache. Karibu na mikunjo hilo ni gumu na la hatari, kwa hiyo kiatu kinachobana hapo usikinunue kwa matumaini ya kutanuliwa. Kumbuka pia kwamba plastiki huwa laini ndani ya duka lenye joto. Nyuzi 15 chini ya sifuri kiatu kilekile kitakuwa kigumu zaidi. Kwa upande mwingine, mikunjo mipya hulegea baada ya siku kadhaa za kuteleza. 

Jambo la usalama silipiti. Vifungio vingi vya telemark, hasa vya milimita 75, haviachii kiatu mtu anapoanguka. Kwenye njia za kituo hilo ni hatari kwa goti. Penye maporomoko ya theluji ni hatari kwa uhai, kwa sababu skii zisizotoka mguuni humvuta mtu chini. Kabla ya kupanda mlima mtupu, muulize muuzaji wazi kama kifungio kinachokwenda na kiatu chako kinaachia. Soma taarifa ya maporomoko ya siku hiyo. Nenda na mwenzako, kila mmoja akiwa na kifaa cha kutafutana chini ya theluji, koleo na fimbo ya kuchomea. Hakuna kiatu kinachochukua nafasi ya vitu hivyo.

Ilipofika karibu saa nane usiku kwangu, binti wa Kitale alikuwa amebaki na jozi mbili sakafuni. Moja ilikuwa mpya kabisa, nyepesi, ile ambayo duka lilimsifia zaidi. Nikasikia kwenye simu akihema, akihesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, akipiga goti. Kwenye ile nyepesi alifika saba akasimama. Kwenye ile ya pili, ya ugumu wa kati, ndogo kwa nusu namba kuliko aliyopewa mwanzo, alifika ishirini.

"Dada, hiki sikisikii," akasema.

"Chukua hicho."

Nawe unayesoma ukiwa Oslo, Denver au popote theluji inapokusubiri: nenda dukani jioni, kata kucha siku moja kabla, vaa soksi moja, chomoa kiatu cha ndani upime kwa vidole, na upige goti mara ishirini kila mguu. Duka likikukataza kupiga goti, vua kiatu, shukuru, uende duka jingine.